Hesabu ya Kukokota

Kibandiko cha mlangoni kimefutika.
Miaka thelathini na sita baba anapanda, anashuka,
nyonga yake ikisugua palepale,
hata tarakimu zikaondoka na suruali zake, moja baada ya nyingine.
Imebaki saba,
au ni moja iliyoinama.

"Inavuta," anasema. "Andika hivyo."
"Inavuta ngapi?"
"Ilivuta ghala la Sorenson, mwaka ule wa mafuriko."
Ghala hilo nalisikia tangu sijaota meno ya ukubwani,
na kila mwaka linaongezwa chumba.

Lakini karavani si hadithi.
Imekaa nyuma ya zizi, magurudumu yamezama majanini,
na Ijumaa lazima ifike uani kwangu, Bismarck,
maili mia moja na kumi,
ili Orval Tveit alale hatua ishirini kutoka mlango wangu wa jikoni
bila mtu kusema kwamba anaishi kwa bintiye.

Kitabu cha gari nilikikuta chini ya kiti,
pamoja na panya mkavu na risiti za ngano.
Ukurasa umeliwa pembe, namba haikuliwa:
gari, trela, mizigo na roho zilizomo, jumla yake
ratili elfu kumi na moja na mia tano.
Basi, toa.
Hesabu yote hii ni kutoa.

Tukaenda kwenye mizani ya nafaka.
Hruska akafungua kidirisha chake, tumbaku shavuni.
Pikapu tupu, tangi limejaa: elfu nne mia nane na ishirini.
"Haya, panda, Orval."
Mizani ya ngano haijui ratili moja moja,
inaruka ishirini ishirini kama mbuzi ngazini.
Ikaruka. Ikatulia.
Mia moja na arobaini.

Hruska hakusoma kwa sauti.
Alikigeuza kikaratasi, akakisukuma kwangu chini ya kioo.
Wanasema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi;
mtu huyu alikuwa akibeba gunia la mbegu kila bega
na kufungua geti kwa goti.
Nikaandika mia mbili.
Nikafuta. Nikaandika ile ya kweli.

"Ngapi?" baba akauliza toka garini.
"Inafaa," nikasema.

Nikajitoa na mimi, mia moja sitini.
Zikabaki elfu sita na ushei, karibu nicheke,
kisha nikalala chali kwenye changarawe,
nikakwangua matope kwenye ndoano ya nyuma,
na chuma kikasema kwa herufi zilizogongwa: elfu tano, basi.
Injini na itamani makubwa; anayeamua ni mdogo wao.
Na kutu ya chesisi, niliyoitia kidole kikazama hadi ukucha,
hiyo haimo kitabuni. Wala radieta. Wala breki za umri ule.
Nikatoa tena, kwa kukisia, kwa woga:
elfu nne.

Karavani ilikuwa na elfu nne mia tatu.
Tukashusha jiko la chuma. Fuawe. Betri mbili zilizokufa.
Maji ya tangini tukawapa mbigili.
Masanduku ya misumari, ambayo kila mmoja aliuaga.
Penseli yangu ikafika elfu nne na thelathini, ikagoma,
na baba amesimama mlangoni,
amekumbatia cherehani ya mama.

"Ratili thelathini," nikamwambia. "Haiingii."
"Iandike kwangu," akasema.
"Siku hizi nina nafasi."

Tulikwenda maili arobaini kwa saa, barabara ya zamani,
malori yakitupita kama tumeegesha.
Kwenye kilima kabla ya mto mshale wa joto ukaanza kupanda;
nikafungua hita yote, mwezi wa Julai, madirisha wazi,
ili moto wa injini tuupokee sisi.
Baba jasho linamtiririka hadi kwenye cherehani mapajani.
"Inavuta," akasema.
Sikumjibu. Nilikuwa naupigia magoti mshale.